Rupia Tatu za Rianyabuto

Alhamisi, saa nane mchana

Makori alichora kaburi kwa chaki sakafuni.

Walikuwa katika stoo nyuma ya duka lake, pale Nyakoe. Chumba hakina dirisha. Viti vya plastiki vimepangwa hadi darini, mahema yamekunjwa pembeni, yananuka nyasi mbichi na jasho la matanga ya watu. Makori alichora mstatili wa kaburi, akachora wa jeneza ubavuni mwake, kisha mduara mmoja mbali kidogo.

"Mose, hapa ni wewe na spika zako." Aligonga mduara kwa ncha ya kiatu. "Apondi, wewe ni maua na jeneza. Mimi niko kwa mashine ya kushushia. Hakuna kukimbia. Hakuna kugusa mtu. Tunazika, tunakunja hema, tunaenda."

"Na karao, wale askari?" Apondi akauliza.

"Watakuwa kwa hema ya wageni. Nimewawekea meza karibu na sufuria za nyama."

Hivyo ndivyo walivyofanya kazi. Kwa watu wa Kisii na Nyamira wao walikuwa kampuni ya mazishi: hema, viti, spika, maua, mashine ya kushushia jeneza. Nani huwatazama watu wa viti? Bangili ya marehemu iliyopotelea kati ya mochari na nyumbani, simu ya mjane, saa ya mkononi ya mhubiri mgeni, vyote vilipita mikononi mwao, na hakuna aliyewahi kuwanyooshea kidole. Makori alikuwa kichwa. Apondi, mwanamke wa upande wa Oyugis mwenye vidole vyepesi na uso wa huruma, alikuwa mikono.

Mose alikuwa na mwaka mmoja tu kati yao. Kabla ya hapo alichonga mawe Tabaka kwa miaka ishirini, viboko na vifaru na sahani za watalii, mpaka vumbi la mawe likamjaa kifuani. Mkewe Rispa alipofariki, hakuwa na hata ubao wa jeneza. Makori ndiye aliyeleta kila kitu. Akashika sepetu mwenyewe, kwenye mvua, mpaka udongo ukaisha. Rispa alikuwa wa kwao Apondi. Apondi akamvisha, akamsuka nywele, akimwimbia kwa Kijaluo taratibu kana kwamba anambembeleza alale. Hawakuomba hata asante. Wiki mbili baadaye Makori alikuja mlangoni akasema, "Njoo ukae na sisi. Mtu hakai peke yake hivi." Mose alipokuja kujua ni kazi gani, alikuwa keshakuwa mtu wa nyumbani.

"Leta," Makori akamwambia.

Mose alifungua kitambaa. Sarafu tatu, kubwa kuliko shilingi ishirini, rangi ya kijivu iliyofifia. Upande mmoja jua lenye miale, taji juu yake, na maneno ya Kiingereza kuzunguka. Moja ilikuwa na vibonyeo viwili pembeni, kama vya meno.

Apondi aliziinua zote tatu kiganjani. "Umezitoa wapi hizi, kaburini?"

"Risasi ya betri na vijiko vya zamani," Mose akasema. "Nikachonga kalibu kwa jiwe la kwetu."

"Kesho saa nane, rupia za kweli zinatakiwa kuingia ardhini na bibi mwenyewe," Makori akasema. "Hizi ndizo zitaingia. Zile tunaenda nazo. Saa kumi jioni mnunuzi ako Kisii, hotelini. Anatoka Nairobi kwa ajili ya hizo tu. Na hakuna mtu wa Rianyabuto atakayejua kamwe. Nani atawaambia? Udongo?"

Apondi akacheka. Mose hakucheka. Alikuwa ameshazishika zile za kweli.

Wiki tatu nyuma Makori alimvalisha shati jeupe, akampa faili na kumtuma Rianyabuto, kilima kilicho mbele kidogo ya Magwagwa, ajifanye mtu wa makumbusho. Bibi Drusilla alikuwa kitandani, mwenye miaka themanini na saba, mifupa mitupu, macho bado makali. Alimwagiza mjukuu wake, Valentine, alete kopo la majani chai lililokuwa chini ya kitanda. Valentine alikuwa ameacha kazi Nairobi ili aje kumuuguza. Alileta kopo, akamwinua bibi yake kwenye mto, akatoka kuchemsha maji.

"Unajua hizi ni nini?" Drusilla alimuuliza kwa Kikisii.

"Rupia, magokoro," Mose akajibu, akimwita bibi kwa lugha yao.

"Wapi! Rupia ni za sonara. Hizi ni sisi."

Akamsimulia. Baba mkwe wake, Nyabuto, ambaye kilima kinaitwa kwa jina lake, aliwabebea Wazungu mizigo mpaka mabega yakachubuka, akalipwa rupia tatu. Aliporudi nyumbani alimkuta mtu wa kodi mlangoni, anadai rupia tatu kwa ajili ya nyumba. Nyabuto akamwuliza, nyumba nimejenga mwenyewe, jasho nimelitoa mwenyewe, sasa nilipie nini? Akakataa. Walimlaza kifudifudi mbele ya wake zake, wakamchapa viboko ishirini na vitano, wakazitafuta zile rupia, wakaichoma nyumba, wasione kitu. Rupia zilikuwa mdomoni mwake. Hakulia hata mara moja, kwa sababu angelia zingedondoka. Moja aliiuma mpaka meno yakaacha alama.

"Mjukuu wangu alinisomea haya maneno," Drusilla akasema, akipitisha kidole juu ya sarafu. "Eti yanasema Mwanga na Uhuru. Kampuni ya Wazungu iliandika uhuru kwenye pesa, halafu ikaja kutunyang'anya uhuru kwa pesa hiyohiyo. Unaona ufidhuli huo?"

Siku bendera ilipopandishwa, Desemba ya sitini na tatu, yeye Drusilla, mke kijana, alitembea kwa miguu mpaka Kisii na rupia hizo pembeni mwa leso yake. Tangu mwaka ule, kila tarehe kumi na mbili Desemba, watoto wa Rianyabuto hupanga foleni uwanjani kwake, na kila mmoja hutia rupia mdomoni kwa muda mfupi, anaitoa, anampa mwenzake.

"Kwa nini mdomoni?" Mose aliuliza.

"Wajue inavyokaa."

Kisha akamtazama. "Wewe kwenu ni wapi?"

"Tabaka."

"Basi zishike vizuri, mwanangu. Usizishike kama mgeni."

Akamwekea zote tatu kiganjani na kumfumba vidole kwa mkono wake mkavu. Katika kiganja kile kingine Mose alikuwa na kipande cha sabuni laini. Bibi alipofumba macho apumzike, alizigandamiza rupia kwenye sabuni, moja moja, pande zote mbili. Hakukosea hata moja.

Drusilla alifariki siku kumi na mbili baadaye. Nyumba tatu za ukoo ziligombana nani abaki na rupia, na kamati ya mazishi ikaamua zizikwe naye ili ugomvi uishe. Makori alikuwa ameketi palepale kwenye kamati, akiandika idadi ya viti.

Ijumaa, saa moja asubuhi

Walifika na Kanta, lori lao dogo, imejaa. Ukungu ulikuwa bado umelalia majani chai. Familia ilikuwa ya Wasabato, kwa hiyo kila kitu kilipaswa kuisha kabla jua halijazama, Sabato isije ikawakuta kaburini. Makori aliwahimiza vijana wa kijiji, hema zikasimama, viti vikapangwa. Mose alifunga waya za spika, jenereta ikanguruma nyuma ya migomba. Alivaa kofia hadi kwenye nyusi, na barakoa. Kifua kilimkereketa.

Valentine alipita na birika la chai na vikombe.

"Mmeamka mapema sana," alisema. Macho yalikuwa yamevimba. "Kunyweni kwanza."

Mose alipokea kikombe bila kuinua uso.

"Nimekuona wapi wewe?"

"Matangani," Makori akaingilia upesi. "Huyu haepuki matanga ya mtu, dada. Pole sana. Pole kwa bibi."

Valentine akaenda zake. Makori alimtazama Mose, akamwashiria kwa kichwa mara moja. Endelea.

Saa nne kasorobo

Jeneza liliwekwa mbele ya hema kubwa. Nyamweya, mtoto wa kwanza wa Drusilla, baba yake Valentine na mwenyekiti wa kamati, alikuja na lile kopo la majani chai, akazitoa rupia, akazipanga kwenye sahani ndogo ya bati juu ya kifuniko cha jeneza, watu wazione. Mamia ya watu. Wengine walipanda ukingoni mwa shamba la chai ili waone vizuri.

Apondi alikuwa ameinama juu ya jeneza na mashada yake ya maua. Utepe begani. Mkebe wa pini kiunoni.

Alikohoa mara mbili, ishara waliyopatana.

Mose alipandisha kitufe. Spika zikapiga yowe kali, refu, la kutoboa masikio. Watoto wakaziba masikio. Mhubiri akageuka. Nyamweya akageuka. Kila kichwa kiligeukia kwenye mikisa, meza ya vitufe vya sauti, na Mose akainua mikono kuomba msamaha, akateremsha kitufe pole pole, akihesabu kimoyomoyo. Moja. Mbili. Tatu. Nne.

Alipotazama tena, Apondi alikuwa ananyoosha ua jeupe pembeni mwa sahani. Rupia tatu zilikuwa mahali pake. Apondi akatembea hadi kwenye Kanta bila haraka, mkebe wa pini kiunoni, kama mtu anayeenda kuchukua mkasi.

Kazi ilikuwa imekwisha. Walichobakiza ni kuzika tu.

Saa tano na dakika ishirini

Valentine aliitwa kusoma wasifu. Mose alimpa maiki. Alisoma kuzaliwa, kubatizwa, kuolewa, watoto tisa, walio hai watano. Kisha akatoa karatasi nyingine mfukoni mwa sweta.

"Hii hamjaisikia," alisema. "Bibi aliniambia niisome leo, si kabla. Alijua mtagombana."

Minong'ono ikapita hemani.

"Anasema: Najua mtagombana mpaka mtake kunizika na rupia za babu yenu. Msifanye hivyo. Babu yenu hakuzificha mdomoni ili ziende kuozea kwangu. Siku ya kunizika mzipitishe mikononi, kila mtu wa kilima hiki azishike, kuanzia Ogoti mpaka mtoto wa mwisho. Kisha zikae mwaka mmoja kwa kila nyumba. Nyumba yoyote, hata ya masikini. Atakayezifungia peke yake si mtoto wangu."

Mwanamke mmoja akapiga vigelegele, wengine wakaitikia, na wazee waliokuwa hawasalimiani tangu wiki iliyopita wakaanza kulia waziwazi.

Mose alimtafuta Makori kwa macho. Makori alikuwa amesimama kando ya mashine yake, mdomo wazi kidogo, kama mtu aliyesahau alichotaka kusema.

Nyamweya alibeba sahani mpaka kwa Mzee Ogoti, kitinda mimba wa Nyabuto, mwenye miaka tisini, macho yote mawili yamekufa. Mzee alitoa mkono. Akaipima ya kwanza kiganjani. Akakunja uso. Akaipitishia kidole gumba pembeni, akazipata alama za meno. Zilikuwepo. Kisha akafanya alichofanya tangu utotoni. Akaitia mdomoni.

Akaitema.

"Hii inanuka betri," alisema.

Alijaribu ya pili. Ya tatu. Zote alizitema mapajani.

"Hizi siyo. Mmenipa nini? Ziko wapi za baba?"

Saa tano na dakika arobaini

Ilianza kama kelele ya upepo kwenye migomba. Halafu sauti ya Nyamweya ikapanda juu ya zote.

"Nani alilala na kopo? Siku zote hizi, nani alilala na kopo?"

Jibu lilijulikana na kila mtu. Valentine alikuwa amesimama bado, karatasi mkononi.

"Baba, mimi sija..."

"Ameziuza Nairobi! Halafu anatusomea barua!"

Mtu mmoja alimvuta mkono. Mwingine alimzaba kofi. Vijana waliokuwa wamekaa ukingoni mwa shamba waliruka chini. Mama mmoja alipiga kelele, "Mwacheni, jamani, ni matanga haya!" lakini hakuna aliyemsikia. Valentine alianguka kwa goti moja, kiatu kikamtoka. Jiwe lilimpata juu ya sikio. Askari wawili walitoka hema ya wageni na mifupa bado mikononi, wakazuiwa na umati kabla hawajafika popote.

Makori alikuwa keshafika kwenye mikisa. "Chomoa waya. Tunaenda."

"Watamuua."

"Hawamuui. Ni baba yake yule. Watampiga, watachoka."

"Makori, tazama damu."

"Natazama wewe!" Makori alimshika shati. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya kusihi. "Ukifungua mdomo ni sisi tutakaochomwa hapa. Mimi na wewe na Apondi. Mose. Nani alimzika Rispa?"

"Ni wewe."

"Basi."

Mose alimtazama. Alikuwa anampenda mtu huyu. Ndilo lilikuwa jambo baya kuliko yote. Alitazama pale chini, akaona mkono wa Valentine ukitafuta kiatu kwenye nyasi, ukipapasa kama mkono wa kipofu, na mguu wa mtu ukiukanyaga.

Alichukua maiki.

"Mwachilieni huyo," sauti yake ikatoka kwenye spika nne, ikavuka migomba. "Hajaiba. Ni sisi. Mimi ndiye nilitengeneza hizo. Nilikuja hapa nikajifanya mtu wa makumbusho, bibi akanipa nizishike. Mwachilieni. Za kweli ziko..."

Sauti ikakatika. Makori alikuwa amechomoa waya wa jenereta. Mose aliendelea kupiga kelele bila spika, kifua kikimpasuka, makohozi yakimpanda, "Ni mimi! Ni mimi!", na watu wakaanza kumgeukia, mmoja mmoja, kisha wote.

Makori alirudi nyuma hatua mbili. Hakumtukana. Alimtazama tu, akageuka, akakimbia. Mlango wa Kanta ukagonga. Apondi alikuwa kiti cha mbele, mkebe wa pini mapajani. Kanta ikang'oa nguzo ya hema moja ikitoka, viti vikavunjika chini ya matairi. Pikipiki zikawashwa. Tano. Kumi. Zikashuka kilima nyuma yake zikipiga honi.

Waliobaki walimfikia Mose.

Hakujikinga. Alihesabu mapigo mpaka akapoteza hesabu. Kilichomwokoa ni Mzee Ogoti, aliyekuwa akigonga fimbo yake kwenye kiti cha bati na kuita, "Msimuue! Mkimuua nani atatuambia ni zipi?"

Saa saba mchana

Walimpakia kwenye pikapu ya askari, mikono nyuma, wakashuka naye hadi konani. Kanta ilikuwa imelala ubavu ndani ya shamba la chai, chini ya barabara. Magurudumu mawili hewani. Mafuta yakinuka.

Makori alikuwa chini ya mlango. Mkono mmoja tu ndio uliokuwa nje, saa ikiwa bado inatembea. Mose aliomba wamruhusu aushike. Askari akamwambia nyamaza.

Apondi alikuwa ameegeshwa kwenye ukingo, mguu wake umepinda mahali pasipo na kiungo. Hakumtazama. Mkebe wa pini, uliobeba rupia za kweli, ulikuwa umefunguka gari lilipobiringika. Pini zilimetameta kila mahali kwenye udongo, mamia, na watu walikuwa wamepiga magoti kati ya mistari ya chai.

Hasira ilikuwa imewatoka. Mose aliliona hilo na likamtisha kuliko kipigo. Watu waliotaka kumuua saa moja iliyopita walikuwa wakiinua majani tawi kwa tawi, wanawake waliovaa nguo za kanisani, wanafunzi, Nyamweya mwenyewe akichimbua udongo kwa kucha, suti imejaa tope. Mtoto mmoja aliipata ya kwanza, akaileta kwa Mose. Damu ilimjaa Mose mdomoni. Alitema, akainama, akaigusa kwa ncha ya ulimi. Baridi, safi, haina ladha yoyote.

"Ndiyo," alisema.

Ya pili ilipatikana saa nane na nusu, chini ya kiti cha dereva.

Ya tatu, yenye meno ya Nyabuto, haikupatikana. Walitafuta hadi saa kumi. Walichuja udongo kwa vikapu vya kuvunia chai. Walimlaza hata ng'ombe mmoja aliyekuwa amefungwa karibu, wakamkagua kwato. Jua likaanza kushuka upande wa Oyugis. Mhubiri alitazama angani mara ya tatu, akasogea kwa Valentine, aliyekuwa amefungwa leso kichwani, damu imekaukia shingoni. Akamnong'oneza.

Valentine alisimama.

"Tumzike," alisema. "Hatatulia juu ya ardhi."

Wakamwuliza Nyamweya. Alimsogelea binti yake, akataka kumgusa pale juu ya sikio, Valentine akarudi nyuma nusu hatua. Mkono wa baba ukabaki hewani.

Hapakuwa na mtu wa kuendesha mashine ya kushushia. Walitumia kamba. Mose alikuwa ndani ya pikapu, barabarani, akasikia wimbo ukianza juu kilimani, sauti za wanawake kwanza, za wanaume zikifuata, bila spika. Apondi alikuwa amelazwa karibu naye, akisaga meno kwa maumivu. Walikaa hivyo, mabega yamegusana, mpaka wimbo ukaisha.

Januari, Jumanne, saa tatu asubuhi

Mahakama ya Nyamira ilikuwa imejaa watu wa Rianyabuto. Mose alikuwa amekiri kosa siku ya kwanza, Apondi vilevile. Lililobaki lilikuwa ni hukumu, na kabla ya hapo mwendesha mashtaka alitaka thamani ya mali iliyoibwa iandikwe.

Valentine alisimama kwenye kizimba cha mashahidi. Nywele zilikuwa zimeanza kuota juu ya kovu.

"Rupia hizo zina thamani gani?" mwendesha mashtaka akauliza.

"Sijui."

"Lazima tuandike kitu. Kwa makadirio."

Alifikiri.

"Desemba watoto walikuja kama kawaida," alisema. "Walikuwa mia na kitu. Tuliwapa zile mbili. Wadogo waliuliza ya meno iko wapi. Hatukujua tuwaambie nini, tukawaambia iko shambani. Sasa kila wakienda kuchuma chai wanatazama chini." Akamgeukia hakimu. "Andikeni rupia tatu. Ndizo zilizokuwa."

Hakimu aliinamisha kichwa, akaandika kwa muda mrefu. Miaka saba kwa Mose. Mitano kwa Apondi. Wakati wakitolewa, Mzee Ogoti aliyekuwa amekaa benchi la mbele aligeuza uso wake upande wa hatua za Mose, akausikiliza mnyororo ukipita.

Waliwekwa kwenye chumba cha nyuma kungoja lori la magereza. Dirisha moja, benchi moja. Apondi alinyoosha mguu wake wenye vyuma, akaegemeza magongo ukutani. Tangu siku ile hakuwa amemwambia Mose neno.

"Makori alizikwa wapi?" Mose akauliza.

"Kiogoro, kwa mama yake. Watu kumi na moja. Shangazi yangu alienda, akaniambia."

"Nilimuua."

Nje, mtu alikuwa akiwashawasha lori, likikataa kuwaka.

"Wewe hukuona," Apondi alisema. "Tulipotoka pale alikuwa analia na kukutukana. Mimi nikamwambia, Makori, wanamuua Mose kule. Akasema acha wamuue, ametuuza. Akaendesha. Tukapita daraja. Pikipiki zilikuwa mbali bado, Mose, tulikuwa tumewaacha. Tungefika Kisii."

"Sasa?"

"Akapunguza mwendo. Akasema, yule hana mtu mwingine. Hivyo tu." Apondi alipangusa pua kwa kiwiko. "Pale konani hakuwa anakimbia. Alikuwa anageuza gari."

Mose alikunja mwili mbele, paji la uso likagusa magoti. Apondi akainua mkono wake uliofungwa pingu, na kwa kuwa pingu zilikuwa fupi ikambidi ainue yote miwili, akamwekea mgongoni.

Lori liliwaka. Askari akafungua mlango, akaita majina yao.